Maswali ya Wasomaji: Vanishi ya baraza inabanduka

SWALI: Baraza letu la mbao, mita 3 kwa 4, halina paa. Lilipakwa vanishi ya kung'aa, na baada ya masika imeanza kubanduka. Chini yake mbao ni za kijivu. Fundi anasema tupige msasa juujuu tupake vanishi nyingine. Jirani anashauri oili chafu. Tushike lipi?
Msomaji, Shanty Town, Moshi

JIBU: Msishike hata moja. Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi. Mbao ikilowa hutanuka, ikikauka husinyaa, na ngozi hiyo ngumu hupasuka. Maji huingilia kwenye nyufa, hasa kwenye ncha za mbao na pembeni mwa misumari, kisha hukosa pa kutokea. Ule ukijivu ni tabaka la juu lililoharibiwa na jua, na chochote mtakachopaka juu yake kitabanduka nalo. Oili chafu ni mbaya zaidi: huchafua miguu ya watoto, ina masalia ya metali za injini, na ikishazama hakuna rangi wala mafuta yatakayoshika vizuri.

Iondoeni vanishi yote. Subirini kiangazi, Agosti au Septemba, au Januari vuli ikishapita.

Kwangueni kwanza kwa skrepa kila kilicholegea. Kinachobaki kitoeni kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni: gramu 50 kwa lita moja ya maji baridi, kwenye ndoo ya plastiki, kwani hula alumini. Soda ndiyo huingizwa kwenye maji. Mkimimina maji juu ya soda, mchanganyiko huchemka na kuruka usoni. Vaeni glovu ndefu za mpira, miwani na buti, na mloweshe maua yaliyo karibu na baraza kabla ya kuanza. Pakeni asubuhi, mita moja ya mraba kwa zamu, mwache dakika 15 bila kukauka, msugue kwa brashi ngumu ya plastiki kufuata nyuzi, kisha msuuze. Brashi ya waya hapana: huacha chembe za chuma zinazogeuka madoa meusi.

Mbao itakuwa nyeusi, hasa ikiwa ni mninga au mkongo. Hiyo ni kazi ya soda. Pakeni asidi ya sitriki ya unga, gramu 60 kwa lita, dakika 10, msuuze tena. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na soda iliyobaki ndani huja kuharibu mafuta mapya.

Acheni zikauke siku tatu za jua. Zamisheni vichwa vya misumari, mpige msasa namba 60, kisha 80, na mwishie hapo. Msasa laini zaidi huziba vinyweleo vya mbao. Dondosheni maji: yakinywewa ndani ya dakika moja, mbao iko tayari.

Sasa nunueni mafuta ya mbao za nje, lita 3, yenye rangi kidogo. Yasiyo na rangi hayazuii jua. Pakeni membamba kivulini, mkizidisha kwenye ncha, na baada ya dakika 20 mfute yote yasiyozama, la sivyo yatanata kwa wiki nzima. Mkono wa pili fuateni maelezo ya kopo. Matambara yenye mafuta msiyarundike: hupata joto yenyewe na kuwaka. Yalowesheni majini, kisha myatandaze nje moja moja.

SWALI: Naweza kutumia mashine ya kuoshea magari kutoa vanishi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Kwa kusuuza tu, pua pana, sentimita 30 kutoka kwenye mbao. Ukisogeza karibu, maji huchimba sehemu laini na kuacha matuta yenye nyuzi zilizosimama. Saiprasi na paina huumia haraka zaidi, na matuta hayo yatakudai msasa mwingi kuliko vanishi yenyewe.