ULIZA UJIBIWE: Profesa wa barafuni alitoroka au aliaga?

SWALI: Shikamoo mzee. Wewe ulisoma Moscow enzi za Wasovieti, hebu tuamulie ubishi wa kijiweni kwetu. Nimemwona kwenye simu mchezaji wa zamani wa hoki ya barafuni, Igor Larionov, anatoa pasi bila hata kutazama anakopeleka. Mwenzangu anasema huyo alitoroka kwao kwa tamaa ya dola. Mimi nabisha: timu yake ilikuwa inashinda kila kitu, angetoroka afuate nini? Tumewekeana kahawa. Nani alipe? Na kwa nini wanamwita Profesa?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzio kamchanganya na mtu mwingine. Aliyetoroka ni Alexander Mogilny, kijana wa miaka 20. Mei 1989 timu ya Wasovieti ilitwaa ubingwa wa dunia kule Stockholm. Wenzake wakarudi nyumbani na kombe, yeye akapotelea Marekani kuchezea Buffalo. Larionov alitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, baada ya kuugonga weee mpaka ukafunguliwa.

Nilifika Moscow mwaka 1985, nikapangiwa bweni la Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Hoki sikuipenda. Runinga ya bwenini ilikuwa na chengachenga, na kile kisahani cheusi wanachokigombania hata sikukiona; nilijua goli limeingia pale Warusi wanaporuka vitini. Lakini Larionov nilimjua upesi. Katikati ya majitu yenye mabega kama makabati alikuwamo kijana mwembamba asiyefika kilo 80, hana papara, kama aliyetumwa dukani na anajua chenji yake. Kulia kwake Sergei Makarov, kushoto Vladimir Krutov, nyuma Vyacheslav Fetisov na Alexei Kasatonov. Watano hao ndio waliobeba dhahabu za Olimpiki za Sarajevo 1984 na Calgary 1988.

Sasa umeuliza angefuata nini. Klabu yao, CSKA, ilikuwa ya jeshi. Larionov alikulia Voskresensk, mji mdogo jirani na Moscow, akaichezea Khimik ya hapo. CSKA walipomtaka mwaka 1981, hakukuwa na cha kujadili: ukiitwa jeshini, umeitwa. Kocha Viktor Tikhonov aliwafungia kambini Arkhangelskoye, nje kidogo tu ya jiji, karibu miezi 11 ya mwaka. Mtu ana mke na mtoto mjini, mwendo mfupi kwa gari, na bado anaomba ruhusa ya kwenda kuwaona kama mwanafunzi wa bweni anayetaka kwenda sokoni Jumamosi.

Oktoba 1988 akaandika barua ya wazi kwa Tikhonov, ikachapwa kwenye jarida la Ogonyok. Nakala iliyonifikia ilikuwa imepita mikono mingi, ina duara la glasi ya chai katikati ya ukurasa, na Kirusi changu kilikuwa cha vitabu vya uhandisi. Ikabidi yule bibi mlinzi wa mlango wa bweni anisomee polepole. Alipofika mahali Larionov anaposema kwa kejeli kwamba, kwa kambi zile, ni ajabu wake zao wanapata watoto, bibi alivua miwani akacheka hadi machozi. Kisha akaangalia kwanza kama kuna mtu koridoni. Utanielewa: askari amemsema mkubwa wake gazetini, na jina lake ameweka chini! Kwangu mimi hiyo inapita goli lolote alilowahi kufunga.

Mwaka uliofuata akaruhusiwa kwenda Vancouver, Kanada. Alikuwa na miaka 28. Na hapa ndipo zilipo dola za mwenzio. Shirika la serikali, Sovintersport, lilikuwa na fungu lake katika biashara hiyo ya kuuza wachezaji. Baada ya misimu mitatu Larionov aliona basi, akaenda kucheza Lugano, Uswisi, ili Vancouver wasiendelee kulilipa shirika lile kwa jasho lake. Mwenye njaa ya dola haachi ligi ya Amerika Kaskazini, kubwa kuliko zote, kwa sababu ya namna hiyo.

Alirudi Amerika mwaka 1993 kuchezea San Jose, na Oktoba 1995 akahamia Detroit. Bila shaka ndiko ilikotoka video yako. Kocha Scotty Bowman alimpanga na Fetisov, Sergei Fedorov, Vyacheslav Kozlov na Vladimir Konstantinov, Warusi watupu. Wamarekani walizoea kurusha kisahani mbele na kukikimbilia. Hawa walikirudisha nyuma, wakazunguka, wakaanza upya, hadi mpinzani anachanganyikiwa. Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, wakalibeba 1997, na kiangazi hicho likapelekwa mpaka Moscow. Larionov alilipata tena 1998 na 2002.

Huo wa 2002, tafuteni mchezo wa tatu wa fainali dhidi ya Carolina, muda wa nyongeza wa tatu. Watu wamechoka, miguu haitaki. Larionov, mzee wa miaka 41, anaingia na kisahani. Mpinzani anajitupa kwenye barafu kumzuia. Yeye hapigi. Anangoja yule bwana ateleze apite zake, kisha anakiinua kwa upande wa nyuma wa gongo, juu ya kipa Arturs Irbe. Mwisho wa mchezo, 3-2.

Hilo la Profesa: ni miwani anayovaa nje ya uwanja, na hiyo tabia ya kungoja.

Kahawa alipe mwenzio. Kashata ulipe wewe, maana ulidhani kushinda kunatosha mtu asitake kwenda nyumbani kwake.