Kabla hujaandika neno "kashfa": kwa mnaoanza kazi ya uhariri

Mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la uhariri nilipitisha kichwa cha habari kilichosema: "Kashfa ya mfanyabiashara yatua mahakamani". Habari yenyewe ilikuwa hivi: mzee mmoja amefungua kesi dhidi ya jirani yake kwa kumzulia kwamba anauza mafuta ya kula yaliyochakachuliwa. Mlalamikaji ni yeye. Lakini aliyesoma kichwa tu, na hao ndio wengi, alielewa kwamba mzee kafanya la aibu. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ofisini kwetu, gazeti kalikunja mkononi. Akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mimi nimefanya nini?"

Kosa lilikuwa kwenye kale ka-"ya". Neno kashfa asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kufunua kilichofunikwa, na kwetu limebeba mambo mawili. La kwanza ni jambo la aibu lililofichuka: kashfa ya Richmond, ile ya mkataba wa umeme wa dharura hapa Tanzania, iliyofanya Edward Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, au ya Goldenberg kule Kenya, ile ya malipo ya dhahabu hewa. La pili ni maneno ya kumvunjia mtu heshima, na hiyo ndiyo kashfa ya mahakamani. Katika maana ya kwanza anayetajwa anatuhumiwa. Katika ya pili ameumizwa. Ukiandika "kashfa ya fulani" msomaji hajui umekusudia ipi, na kwa kawaida atachukua iliyo mbaya. Andika "fulani adai kukashifiwa", au "afungua kesi ya kashfa". Kichwa kitarefuka kidogo. Kirefuke.

Kitenzi nacho kina mtego wake, hasa mkipokea habari kutoka Nairobi. Magazeti ya Kenya huandika "wabunge wakashifu serikali" wakimaanisha wameilaani au wameikosoa vikali, na msomaji wa huko haoni tatizo. Mtanzania akisoma sentensi hiyohiyo anasikia matusi na dharau. Kwa msomaji wa Dar es Salaam badilisha iwe "wakosoa" au "walaani", kulingana na walichosema kweli. Usiiache kwa sababu eti ni Kiswahili tayari.

Halafu kuna maneno jirani, ambayo vijana wengi huyachanganya kama vile yana uzito mmoja. Mimi hujiuliza: lililosemwa ni kweli? Na limesemwa mbele ya nani? Anayesengenya anasema nyuma ya mtu, na huenda anayosema ni ya kweli. Anayesingizia anambebesha mtu asilolitenda. Anayechongea anapeleka maneno kwa mkubwa ili mwenzake aadhibiwe. Anayeumbua anaanika aibu iliyopo kweli, ndiyo maana ukiandika "amuumbua mwenyekiti" umeshahukumu kwamba mwenyekiti ana kosa. Hilo la mwisho naliona kila wiki, na kila wiki nalifuta.

Mkiulizwa, msijikinge na "inadaiwa". Kwa sheria za kwetu na za Kenya, anayerudia kashfa ya mwingine anaweza kuwajibika kama aliyeianzisha. Kinga ya maana ni ukweli unaoweza kuuthibitisha: hati, nakala ya hukumu, shahidi aliye tayari kusimama. Basi nikiona "inadaiwa" nataka kujua nani anadai, lini, na tumempigia anayetajwa? Kama hatujampigia, habari inasubiri, hata kama mtambo unasubiri.

Yule mzee tulimchapia masahihisho kesho yake. Mistari mitatu, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la mnada. Kichwa kile kilikuwa ukurasa wa kwanza. Siku hizi, tukimkosea mtu ukurasa wa kwanza, nagombania masahihisho yake yakae hapohapo, na nanyi mkifika kwenye kikao cha asubuhi nisaidieni kugombania.