Maswali na Majibu: Dubu wa Waslavi

Wiki hii nimechagua maswali kuhusu *medvědь, neno la Kislavi-Mame, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha za Kislavi kama Kirusi na Kicheki, lenye maana ya dubu.

Shikamoo mwalimu. Kile kinyota mbele ya neno ni kosa la uchapaji?

Marahaba. Si kosa. Kinyota kinamwambia msomaji kwamba neno halikukutwa limeandikwa popote; wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye. Wanaisimu Carl Meinhof na Malcolm Guthrie walifanya hivyo hivyo kwa lugha zetu za Kibantu. Ukilinakili neno na kukiacha kinyota, umedai ushahidi usiokuwapo. Naomba tabia hii ikome.

Nimesoma kwamba maana yake ni "ajuaye asali", kwa kuwa ved- ya Kirusi ni kujua. Ni kweli?

Si kweli, na swali hili linarudi kila mara kwa sababu watu wanakata neno pasipo kiungo. Vipande ni *medu-, asali, na *ēd-, kula. Ile u ilipokutana na irabu ikageuka v, kama mu- na -ana zinavyotupa "mwana". Kwa hiyo v ni mali ya asali, na kitenzi ni kula: mnyama huyu ni mla asali. Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo ndugu wa mbali, nacho kina madhvad-, muundo ule ule, na katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za dini, wanaoitwa hivyo ni ndege. Kiukraine kilipogeuza silabi kikapata vedmid', na hapo ved- ikaja mbele na kuwapoteza wengi zaidi. Wapoland wanasema niedźwiedź, ingawa zamani waliianza kwa m. Usichimbue asili ya neno kwa kusikiliza umbo la lugha moja ya leo.

Kwa nini wasimwite kwa jina lake?

Jina la kale lilikuwapo, na lugha ndugu zimelihifadhi: Kigiriki kina arktos, Kilatini ursus. Waslavi waliliacha. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni mwiko: mnyama wa kutisha hatajwi, hupewa jina la pembeni. Wabulgaria leo wana neno jingine, mečka.

Liko ngeli gani, na wingi wake?

Hakuna ngeli kama zetu. Kuna jinsia tatu, na hili ni la kiume. Idadi nazo ni tatu: mmoja *medvědь, wawili *medvědi, wengi *medvědьje. Umbo la kumiliki, yaani "wa dubu", nalo ni *medvědi, sawa na la wawili. Kirusi kimelihamishia neno kundi jingine la nomino, na kwa "wa dubu" kinasema medvedja. Uwili bado uko hai Slovenia: dva medveda, dubu wawili.

Kirusi ndicho mama wa lugha za Kislavi?

Hapana. Ni binti, sawa na Kicheki na Kiserbia. Hata lugha ya vitabu ya Kirili na Methodio, wamisionari waliokwenda Moravia, Ulaya ya kati, mwaka 863, ilitokana na lahaja ya kusini, upande wa Thessaloniki, Ugiriki. Someni kabla ya kuniuliza tena.

Wahungaria humwita dubu medve. Basi ni Waslavi?

Walikopa kwa majirani. Ni kosa lile lile la wanaosema Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu tuna "kitabu", nalo limetuumiza vya kutosha. Tazama sarufi. Kihungaria hakina jinsia hata katika viwakilishi: ő ni yeye, mwanamume au mwanamke, na nomino haziainishwi kama za Kislavi. Lugha hiyo ni ya ukoo wa Kiurali, pamoja na Kifini.