Nyumba Moja, Mita Tatu: Wajibu Unaobaki kwa Mwenye Nyumba

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, na kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi tulijiona tumetua mzigo wote, kwa kuwa hapakuwa tena na ankara ya kufuatilia wala foleni ya kupanga. Mimi nilikaa na dhana hiyo hadi siku mpangaji wangu mpya aliponigongea mlango akiwa na simu mkononi.

Alikuwa amehamia katika chumba cha uani kilichokaa miezi minane bila mtu, akanunua umeme wa shilingi 15,000, akapata uniti chache za kustaajabisha. Mita ya chumba hicho haikuwa imenunuliwa umeme muda wote huo, na kodi ilikuwa ikijilimbikiza kimyakimya. Kwa nyumba ya kawaida kiwango kilichoanza mwaka wa fedha 2023/24 ni shilingi 1,500 kwa mwezi, hivyo mgeni wa watu alikuwa amenilipia deni la shilingi 12,000. Nilimrudishia papo hapo, kwani kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba hata pale inapokatwa kwenye umeme wa mpangaji, na tangu hapo mikataba yangu yote inaeleza jinsi fedha hiyo inavyopunguzwa kwenye kodi ya pango.

Hata hivyo, swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine: kwa nini mita ya chumba cha uani nayo ikatwe kodi, ilhali mita yangu ya nyumba hiyohiyo ilikuwa inakatwa kila mwezi? Nilipokusanya risiti za mita zote tatu niligundua kwamba nyumba moja ilikuwa inalipa shilingi 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000, na kosa lilikuwa langu, maana niliomba mita za wapangaji bila kutoa taarifa kwamba zote zimo katika jengo lilelile. Nilikwenda ofisi ya kodi na risiti hizo, nakala ya hati na barua ya serikali ya mtaa, ikabaki mita moja tu inayokatwa.

Taarifa za jengo hutolewa kwa ofisi hiyo hata zinapomuumiza mtoaji. Mijini, jengo la ghorofa hutozwa shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, kwa hiyo aliyepandisha ghorofa juu ya nyumba ya zamani na kuendelea kukatwa 1,500 anajilimbikizia deni, ingawa LUKU haimwambii lolote. Vivyo hivyo nyumba isiyo na umeme haijasamehewa. Mwenyewe anapaswa kwenda kuomba namba ya malipo na kulipa.

Pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka kwa ajili ya kiwanja, ni jambo tofauti na hulipwa kando, kwa hiyo makato ya LUKU hayalifuti.

Msamaha nao hauji wenyewe. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 husamehewa kodi ya nyumba anayoishi, isiyo ya biashara, lakini mama yangu aliendelea kukatwa kila mwezi mpaka tulipopeleka kitambulisho chake cha taifa pamoja na maombi ya maandishi, na tulichelewa kwa sababu mita yake ilikuwa bado imesajiliwa kwa jina la marehemu baba.