Yuda alikuwa na hiari?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Kama usaliti wa Yuda ulishaandikwa, kosa lake nini? Mweka hazina wa kikundi chetu kala michango, anasema Mungu ndiye aliyepanga. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo asimsingizie Mungu! Yohana 12:6 yasema Yuda alishika mfuko na alikuwa mwizi; alikuwa akidokoa kabla hata ya vile vipande 30 vya fedha alivyolipwa kumsaliti Yesu. Mathayo 26:24 Yesu anayataja yote mawili: imeandikwa, na bado ole wake amsalitiye. Yanapatanaje? Wanateolojia wanabishana tangu enzi za Augustino na Pelagio, walimu wa Kanisa la kale waliopingana juu ya hiari ya mwanadamu na neema ya Mungu. Ila Yuda mwenyewe, akizirudisha zile fedha, alikiri amekosa, hakusema alipangiwa. Mweka hazina wenu arudishe kwanza hela za watu, mengine tutajadili baadaye.