i7 ya laki sita na nusu, nichukue?

SWALI: Shikamoo anko. Nimemaliza form six, nimechaguliwa Chuo Kikuu Ardhi kusomea mambo ya ukadiriaji majenzi, baba kanipa laki saba ya laptopu na kasema haongezi hata mia. Kuna duka Kariakoo nimeongea nao WhatsApp, wana HP used, Core i7, RAM 4GB, hard disk 500GB, laki sita na nusu. Binamu yangu anasema nitume hela fasta maana i7 ni i7, ila rafiki yangu yeye kanunua i5 kwa bei hiyohiyo na anaringa nayo balaa. Nani kapigwa hapo?
Mwanachuo mtarajiwa, Morogoro

JIBU: Marahaba mpwa wangu, hongera. Hela usitume kwanza.

Hilo jina i7 peke yake halikwambii kitu. Mwambie muuzaji akupigie picha namba yote ya prosesa (ule ubongo wa kompyuta), yale yanayokuja baada ya kistari. Ikiwa ni i7-6600U, ile 6 ya mwanzo ndo kizazi chake, cha sita, na ndani ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. Rafiki yako akiwa na i5-8250U hicho ni kizazi cha nane, kori nne, sasa hapo piga hesabu mwenyewe nani kapigwa. (Ukikuta namba inaanza na 10 au 11, hicho ni kizazi cha 10 au 11, mfano i5-1135G7 ni cha 11, usije ukadhani ni cha kwanza ukaikimbia.) Halafu sio spidi tu, Microsoft walisitisha sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za cha saba. Fundi atakwambia anailazimisha na inaingia. Kweli inaingia, ila chuo cha miaka minne unaanzaje na kitu cha kulazimisha?

Hard disk achana nayo kabisa, taka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, ina kasi zaidi) hata ya 256GB, picha na muvi weka kwenye eksteno. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na ya hard disk na RAM 4, naiwasha, naenda kununua chapati, narudi bado inazungusha kale kaduara, na siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi ikaamua kujiapdeti mbele ya mwalimu. Sitaki yakukute.

RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, usishuke chini ya 8GB. Excel na Word hata 4 inajikongoja lakini wewe utafungua ramani za AutoCAD na peji za Chrome kumi kwa pamoja, nakujua.

Kwa laki saba mimi ningeulizia zile zilizotoka maofisini Ulaya, HP EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480. Sura zake za kizee lakini ni imara, na zote zina nafasi mbili za RAM.

Ila nenda mwenyewe, mchana, usiagize kwa picha. Iwashe, ingia Task Manager kwenye Memory, uone ni nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ukiwa kwenye HP izime uiwashe huku unabonyeza F10, ikikuomba paswedi ambayo muuzaji haijui, muage vizuri uondoke, hiyo bado ina kufuli la ofisi ilikotoka. Betri ndo wanapofichia mengi: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, angalia design capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na full charge capacity (uwezo wake sasa ikijaa). Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili 25,000 basi betri imebaki nusu, na hapo una haki ya kushusha bei au kudai nyingine. Usione aibu, watakuna vichwa tu, jaribu na kibodi herufi moja moja, Wi-Fi, kamera, na chaja uiache inachaji kabisa wakati mnabishana bei.

Ukipata yenye 8 kwenye nafasi moja, ile ya pili iache wazi. Boom (hela ya mkopo wa chuo) likitoka ongeza 8 nyingine, baba asisumbuliwe tena.