Muulize Mzee wa Daftari: Hiyo 6-4-3 ni namba ya simu?

*Shikamoo Mzee. Naripoti michezo redioni hapa Moshi, na nimezoea mpira wa miguu: dakika, mfungaji, kadi, basi. Sasa mhariri ananituma kwenye bonanza la besiboli la shule. Kwenye televisheni nimewaona waandishi wa Marekani wakijaza visanduku: 6-4-3, F8, na K iliyogeuzwa. Wanaandika nini? – Chipukizi, Majengo, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Mimi nilijifunzia sebuleni hapa Arusha, saa nane za usiku, maana mechi ya saa moja jioni ya New York hutufikia muda huo. Mama watoto alidhani nabeti.

Chora karatasi. Wapigaji tisa washuke upande wa kushoto kwa zamu zao za kupiga, vipindi tisa viende kulia, kila timu na ukurasa wake. Linalompata mpigaji linaingia kwenye kisanduku chake cha kipindi hicho. Tumia penseli.

Namba ni za nafasi, si za jezi. Si tunasema fulani anacheza namba sita hata kama mgongoni ana 22? Ndiyo hivyo. 1 ni mrushaji, 2 mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, 3, 4 na 5 ni walinzi wa kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu. 6 husimama kati ya cha pili na cha tatu. Hapo wageni wengi huchanganya. 7, 8 na 9 wako mbali huko: kushoto, katikati, kulia.

Basi 6-4-3 ni mpira uliobiringika kwa namba sita, akampa namba nne aliyekanyaga kituo cha pili, naye akautupa kwa namba tatu. Wawili nje kwa mpira mmoja: aliyekuwa akikimbilia kituo cha pili, na mpigaji mwenyewe. F8 ni mpira wa juu uliodakwa na namba nane. K ni aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha; ikigeuzwa, alisimama tu akiutazama mpira wa mwisho ukipita. Hiyo K tuliachiwa na mwandishi mwenzetu wa karne ya 19, Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza.

Pagumu ni hapa: mpigaji amefika kituoni kwa ustadi wake, au mlinzi kauangusha? Mwamuzi wa takwimu ndiye anayesema. Kwa miaka mingi Marekani kazi hiyo walipewa waandishi wa magazeti. Hebu fikiria: umemwandikia mtu kosa jana, leo unamfuata na maikrofoni!

Kabla hujampigia mhariri, piga hesabu. Waliosimama kupiga lazima walingane na pointi, jumlisha waliobaki vituoni, jumlisha waliotolewa. Pointi 4, waliobaki 7, waliotolewa 27: wapigaji 38. Ukipata 37, kuna mtu umemruka, mtafute.

Na usiende kununua soda katikati ya kipindi. Phil Rizzuto, mchezaji wa zamani wa New York Yankees aliyegeuka mtangazaji wao, alikuwa akiandika WW kwenye visanduku vilivyompita, yaani hakuwa akitazama. Yeye alikuwa Rizzuto. Wewe bado uko kwenye majaribio.